Kamera halisi ambayo wakala hakuitambua: jibu kuhusu bidhaa za njia ya pembeni na chapa za kuiga

Swali la msomaji

"Nilinunua kamera ya chapa inayojulikana duniani kote kwa muuzaji wa mtandaoni, kwa bei iliyo pungufu kwa karibu robo ya bei ya wakala. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi mitano, kisha lenzi ikagoma kusogea. Wakala aliikagua, akakiri kwamba imetengenezwa na kampuni yenyewe, lakini akakataa kuirekebisha kwa waranti kwa sababu haikukusudiwa kuuzwa huku. Muuzaji huyohuyo anauza manukato ambayo chupa na boksi lake vinafanana mno na vya chapa maarufu, ila jina limebadilishwa kidogo. Je, niliuziwa feki? Je, muuzaji amevunja sheria? Na nikitaka kununua tena kwake, niangalie nini?"

Jibu

Ndugu msomaji,

Kwa maelezo uliyoyatoa, kamera yako si feki. Wakala mwenyewe amekiri kwamba imetoka katika kiwanda cha kampuni, na sioni sababu ya kumtilia shaka, kwa kuwa ingemfaa zaidi kukuambia kinyume chake. Ulichonunua ni bidhaa halisi iliyopita njia ya pembeni, yaani iliyoingizwa sokoni na mtu ambaye mmiliki wa chapa hakumpa kazi hiyo. Manukato uliyoyaona yako katika kundi jingine, la chapa za kuiga. Makundi matatu, yaani bidhaa bandia, bidhaa za njia ya pembeni na bidhaa za kuiga, hutajwa sokoni kwa jina moja la "feki", na hasara nyingi za wanunuzi huanzia katika mchanganyiko huo, kwa sababu kila kundi lina hatari zake na kila moja lina mtu wake wa kudaiwa mambo yanapoharibika.

Kinachoyatenganisha ni idhini. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu miliki bunifu na ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, unaieleza bidhaa yenye alama ya biashara bandia kuwa ni ile iliyowekewa bila idhini alama iliyo sawa na alama iliyosajiliwa kwa bidhaa za aina hiyo, au isiyoweza kutofautishwa nayo katika mambo yake ya msingi. Hapo mmiliki hakuidhinisha chochote. Katika njia ya pembeni, mmiliki aliidhinisha bidhaa itengenezwe na iuzwe mara ya kwanza, lakini hakuidhinisha iuzwe mahali ulipoinunulia. Katika chapa ya kuiga, mtengenezaji anatumia jina lake mwenyewe, na kinachobishaniwa ni umbali gani amejisogeza kwenye sura ya mwenzake.

Njia ya pembeni huzaliwa na kampuni zenyewe, jambo ambalo kampuni hizo hazipendi kulisema. Chapa moja huuza bidhaa ileile kwa bei tofauti katika nchi tofauti, kwa kuzingatia uwezo wa wanunuzi, kodi, gharama za matangazo na ushindani uliopo. Tofauti hiyo ikizidi gharama ya kusafirisha, lazima atokee mtu wa kununua palipo na bei ya chini na kuuza palipo na bei ya juu. Wakala anayelazimishwa kuchukua shehena kubwa ili apate punguzo hubaki na mzigo asioweza kuumaliza, naye huuachia kimyakimya kwa mfanyabiashara ambaye haulizi maswali. Mtindo unapopitwa na wakati, kiwanda chenyewe huuza mabaki kwa bei ya kutupa kwa sharti kwamba yapelekwe mbali, na sharti hilo huvunjwa. Thamani ya sarafu nayo huchangia: katika miaka ya 1980, dola ya Marekani ilipokuwa na nguvu, kamera, saa, manukato na hata magari ya Mercedes yalimiminika Marekani kutoka Ulaya na kwingineko bila kupitia kwa mawakala, hadi sheria ya mwaka 1988 ya usalama wa magari yaliyoagizwa ilipoubana sana mlango wa magari.

Sasa nije kwenye swali lako la sheria. Kanuni inayotawala hapa inasema kwamba mmiliki wa alama akishaiuza bidhaa kwa mara ya kwanza, haki yake ya kuitumia alama hiyo kuzuia mauzo yanayofuata inakoma. Alikwisha kupata fedha yake, na aliyenunua ana uhuru wa kuuza mali yake. Mgogoro uko katika mahali pa mauzo hayo ya kwanza. Je, haki inakoma ikiwa bidhaa iliuzwa popote duniani, au ikiwa tu iliuzwa ndani ya nchi, au ndani ya umoja wa nchi kadhaa? Kifungu cha 6 cha TRIPS kiliacha jambo hili wazi kwa sababu nchi hazikukubaliana, na Azimio la Doha la shirika hilohilo la mwaka 2001 likathibitisha kwamba kila nchi mwanachama ina uhuru wa kujichagulia. Ndiyo maana kitendo kilekile cha muuzaji wako ni biashara halali mahali pamoja na ni uvunjaji wa haki za alama mahali pengine.

Umoja wa Ulaya umechagua mpaka wa kikanda. Katika kesi ya Silhouette, kampuni ya Austria iliuza fremu 21,000 za miwani za mtindo uliopitwa na wakati kwa kampuni ya Bulgaria, nchi ambayo wakati huo haikuwa mwanachama, kwa makubaliano kwamba zingeuzwa huko au katika nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovyeti. Fremu hizo zikarudi na kuuzwa Austria na duka la bei nafuu la Hartlauer. Mwaka 1998 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba mauzo yaliyofanyika nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya hayakomeshi haki ya mmiliki ndani ya eneo hilo. Miaka mitatu baadaye, katika kesi zilizohusu manukato ya Davidoff na suruali za Levi's zilizouzwa na maduka ya Tesco, mahakama hiyohiyo iliongeza kwamba ukimya wa mmiliki hauhesabiwi kuwa idhini, na kwamba anayedai kulikuwa na idhini ndiye anayepaswa kuithibitisha.

Marekani inafuata njia nyingine. Kwa upande wa hakimiliki, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2013, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand, hakukosea kuuza Marekani vitabu halali vya kiada ambavyo jamaa zake walivinunua Thailand kwa bei nafuu. Kwa upande wa alama za biashara, swali linaloulizwa ni kama bidhaa iliyoagizwa inatofautiana na ile ya ndani kwa namna inayomgusa mnunuzi. Kesi ya Lever Brothers ya mwaka 1993 inauonyesha msingi huo vizuri: sabuni ya Shield ya Uingereza ilitoa povu kidogo kuliko ya Marekani, na sabuni ya vyombo ya Sunlight ya Uingereza ilitengenezwa ili itumike na maji yenye madini mengi zaidi. Jina lilikuwa moja na mmiliki alikuwa wa familia moja ya kampuni, lakini aliyenunua akitarajia alichokizoea alipata kitu kingine. Kuna kesi ya mwaka 1987 ambayo huwa naitaja kwa tabasamu, iliyohusu wanasesere wa Cabbage Patch waliotengenezwa Hispania kwa idhini kamili. Walizuiwa Marekani kwa kuwa hati zao za "kuasiliwa" zilikuwa za Kihispania, na mtoto aliyemnunua hakuweza kumsajili mwanasesere wake. Hati hiyo ya karatasi ilikuwa sehemu ya bidhaa, kama ilivyo waranti kwa kamera yako.

Kwa hiyo, jibu la kama muuzaji wako amevunja sheria linategemea nchi alikouzia, na kwa vyovyote vile ugomvi huo ni kati yake na mmiliki wa chapa. Wewe uliyenunua kwa matumizi yako huwi mshitakiwa katika kesi za aina hii. Swali linalokuhusu zaidi ni lile la alichokuambia kabla hujalipa. Kama tangazo lake lilisema kwamba kamera ina waranti ya kampuni, na waranti hiyo haitumiki ulipo, basi amekupa taarifa isiyo ya kweli, na una dai dhidi yake hata kama kuingiza kamera hiyo kulikuwa halali kabisa. Kama alieleza waziwazi kwamba waranti ni ya duka lake, basi hakukudanganya, na anapaswa kutimiza ahadi ya duka lake.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa. Waranti ya mtengenezaji ni ahadi ya hiari, na mtengenezaji anaweza kuiwekea mipaka ya nchi au kanda. Wajibu wa muuzaji wa kukupa bidhaa isiyo na kasoro ni kitu tofauti, ambacho katika nchi nyingi hutoka katika sheria yenyewe na hakihitaji kadi ya mtu yeyote. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, muuzaji anawajibika kwa mlaji kwa muda usiopungua miaka miwili kwa kasoro iliyokuwapo tangu makabidhiano, na haimhusu mlaji kama mzigo ulipita kwa wakala au la. Ulipokwenda kwa wakala uligonga mlango wa mtu ambaye hakupokea hata senti yako. Mlango wako wa kwanza ni wa muuzaji.

Zaidi ya waranti, bidhaa halisi inaweza kuwa haikufai kwa sababu ilitengenezwa kwa mazingira mengine. Umeme wa majumbani ni volti 100 Japani, 120 Marekani na 230 Ulaya, na kifaa cha kupasha joto kilichoundwa kwa volti za chini kitaungua kikichomekwa kwenye volti za juu. Simu ya nchi moja inaweza kukosa masafa ya redio yanayotumiwa na mitandao ya nchi nyingine. Wino wa baadhi ya printa umefungwa kwa kanda, kama ulivyo mfumo wa kanda wa diski za DVD. Mafuta ya kukinga jua ni mfano ninaoupenda zaidi kwa sababu tofauti yake haionekani kwa macho: Marekani huyahesabu kuwa dawa inayouzwa bila cheti cha daktari, Ulaya huyahesabu kuwa vipodozi, kwa hiyo viambato vya kuchuja miale vinavyoruhusiwa havilingani, na chupa mbili zenye jina lilelile na namba ileile ya kinga zinaweza kuwa na michanganyiko miwili.

Kisha kuna safari yenyewe. Manukato, krimu, vyakula vya watoto na dawa huharibika kwa joto na kwa muda, na mzigo uliozunguka katika maghala manne ya watu wasiojuana hauna mtu wa kusema ulihifadhiwa vipi. Ukiona chupa au boksi ambalo namba ya toleo imekwanguliwa, imekatwa au imefunikwa kwa stika, usidhani ni ajali. Namba hiyo humwezesha mmiliki kujua ni wakala yupi aliyeuvujisha mzigo, kwa hiyo mfanyabiashara wa pembeni ana sababu ya kuiondoa ili kumlinda aliyemuuzia. Kwa mmiliki ni njia ya kumfuatilia mvujishaji iliyopotea, lakini kwako hasara ni nzito zaidi, kwa kuwa namba hiyohiyo ndiyo inayotumiwa kutangaza kwamba toleo fulani lina kasoro na lirudishwe. Bidhaa iliyokwanguliwa namba haiwezi kurudishwa kwa tangazo lolote. Mimi binafsi siinunui, iwe halisi kiasi gani, ikiwa ni kitu cha kupaka, kula au kunywa.

Sisemi kwamba njia ya pembeni ni hatari kwa asili yake. Mawakala rasmi hupenda kuipaka rangi nyeusi, na wana maslahi katika hilo, kwa sababu ushindani wake huwashusha bei. Biashara ya dawa ndani ya Umoja wa Ulaya inaonyesha kwamba inaweza kufanywa kwa utaratibu. Dawa zilizouzwa katika nchi mwanachama yenye bei ya chini hununuliwa na kupelekwa katika nchi mwanachama yenye bei ya juu, na mahakama imeikubali biashara hiyo, lakini kwa masharti yaliyowekwa katika kesi ya Paranova ya mwaka 1996: ufungashaji mpya usiiathiri hali ya dawa iliyomo, boksi litaje aliyeifungasha upya na mtengenezaji wake, mwonekano wake usiharibu sifa ya chapa, na mmiliki wa alama aarifiwe kabla, apewe na sampuli akiitaka. Ukiyasoma masharti hayo vizuri utaona kwamba karibu yote yanahakikisha kuwa kila mkono uliopitisha dawa unajulikana. Kinachokosekana katika ununuzi kama wako ni hicho tu.

Tatizo jingine la mkono usiojulikana ni kwamba bandia hupenda kujificha humo. Mnunuzi aliyekwisha kukubali kwamba boksi lina lugha ngeni, halina muhuri wa wakala na lina bei ya chini, amekwisha kupoteza dalili tatu ambazo zingemshtua. Katika baadhi ya masoko makubwa ya mtandaoni, mizigo ya wauzaji mbalimbali wa bidhaa moja imekuwa ikichanganywa katika ghala moja, kiasi kwamba unaweza kumchagua muuzaji mwaminifu ukaletewa kitu kilichoingizwa na mwingine. Na kuna ile inayoitwa zamu ya usiku: kiwanda kilichopewa mkataba wa kutengeneza idadi fulani huendelea kutengeneza baada ya idadi hiyo, kwa mitambo ileile na wakati mwingine kwa vifaa vilivyokataliwa na wakaguzi. Wauzaji hupenda kuieleza bidhaa hiyo kuwa ni "orijino isiyo na kibali". Kisheria ni bandia, kwa kuwa mmiliki hakuidhinisha iwekwe sokoni popote. Taarifa ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) na Ofisi ya Miliki Bunifu ya Umoja wa Ulaya ilikadiria kuwa biashara ya kimataifa ya bidhaa bandia ilifikia takriban dola bilioni 467 mwaka 2021, sawa na asilimia 2.3 ya bidhaa zote zilizoagizwa duniani. Bidhaa halisi za njia ya pembeni hazimo katika hesabu hiyo.

Manukato uliyoyataja yanatupeleka mahali ambapo mahakama zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Mwaka 1968 mahakama ya rufaa ya Marekani ilimruhusu mfanyabiashara kutangaza kwamba manukato yake yanaiga Chanel No. 5 na kulitaja jina hilo, kwa hoja kwamba bidhaa isiyo na hataza, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, inaweza kunakiliwa, na aliyeinakili anaweza kusema ukweli huo ilimradi asiwachanganye watu. Mwaka 2009, katika kesi ya L'Oréal dhidi ya Bellure, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kinyume kabisa. Manukato yaliyobishaniwa yaliuzwa kwa bei nafuu katika chupa na maboksi yaliyokumbusha ya chapa kubwa, na wauzaji walipewa orodha za kuonyesha harufu ipi inafanana na ipi. Hakuna mnunuzi aliyedhani ananunua chapa ile kubwa, hata hivyo mahakama ilisema kwamba kujinufaisha isivyo haki kwa sifa ya alama ya mwingine kunatosha. Kesi iliporudi Uingereza, jaji Jacob aliufuata uamuzi huo huku akieleza waziwazi kwamba haupendi, na naona alikuwa na hoja: mlaji asiyeweza kumudu chapa kubwa alinyimwa taarifa ya kweli.

Harufu yenyewe ina utata wake. Mwezi Juni mwaka 2006, katika wiki moja, mahakama ya juu ya Ufaransa ilisema kwamba harufu ya manukato hailindwi na hakimiliki, na mahakama ya juu ya Uholanzi ikasema kwamba inaweza kulindwa. Kwa kuwa wamiliki wengi huficha mchanganyiko wao badala ya kuuombea hataza, anayeuchambua kwa vifaa vya maabara na kuukaribia hajaiba kitu katika nchi nyingi. Kinacholindwa kwa uhakika zaidi ni jina, na baada yake umbo la chupa na mpangilio wa boksi.

Mpangilio huo ndio uwanja wa vita kati ya chapa kubwa na maduka yanayotengeneza bidhaa zenye jina la duka. Mwaka 1997 duka la Asda la Uingereza lilishindwa kwa sababu boksi la biskuti zake za Puffin lilikuwa karibu mno na la biskuti za chapa ya Penguin, ingawa jina Puffin lenyewe halikuonekana kuvunja haki ya alama. Mwezi Januari mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliipa ushindi kampuni ya Thatchers dhidi ya duka la Aldi kuhusu kopo la kinywaji cha tufaa chenye ladha ya limau, baada ya mahakama ya chini kuamua kinyume mwaka uliotangulia. Majaji wenye elimu ileile walilitazama kopo lilelile na kufikia hukumu mbili. Usijilaumu basi kwa kushindwa kuamua mwenyewe, mbele ya rafu, kama chupa ile ni halali.

Wakati mwingine mwigaji ndiye anayemiliki alama iliyosajiliwa. Michael Jordan alipambana kwa miaka mingi na kampuni ya China iliyosajili jina Qiaodan, namna Wachina wanavyoliita jina lake, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya China ilimpa haki juu ya jina hilo katika herufi za Kichina lakini si katika herufi za Kilatini. Kwa miaka yote hiyo viatu vya kampuni hiyo viliuzwa madukani kihalali.

Kuhusu ubora, chapa ya kuiga inaweza kuwa nzuri au mbaya, na sura ya boksi haikuambii chochote. Kauli ya "imetoka kiwanda kilekile" ichukue kwa tahadhari hata inapokuwa ya kweli, maana kiwanda kimoja hutengeneza kwa viwango vingi kadiri ya agizo: unene wa plastiki, usafi wa kiambato, idadi ya vipande vinavyokaguliwa na kiasi cha kasoro kinachovumiliwa huandikwa katika mkataba wa kila mteja. Kwa manukato uliyoyaona, ningetafuta jina na anwani kamili ya mtengenezaji au mwagizaji, orodha ya viambato na namba ya toleo. Vikiwapo vyote, una mtu wa kumdai ukipata vipele. Na nitakuambia jambo ambalo huenda likawaudhi wenye chapa: kwa kitu cha kupaka mwilini, ningechagua chapa ya kuiga yenye jina na anwani ya mwenyewe kabla ya chapa kubwa iliyokwanguliwa namba.

Unaponunua tena, jihadhari na vipimo vya mitaani. Watu husema tarakimu tatu za kwanza za msimbo wa mistari huonyesha nchi bidhaa ilikotengenezwa. Zinaonyesha ni tawi lipi la GS1, shirika la kimataifa linalogawa namba za misimbo hiyo, lililotoa namba hizo kwa kampuni, na kampuni hiyo inaweza kuwa inatengeneza bidhaa zake popote. Husemwa pia kwamba herufi CE, alama ya Ulaya ya bidhaa iliyotimiza masharti, zikikaribiana mno maana yake ni "China Export", yaani mauzo ya nje ya China, lakini Tume ya Ulaya ilieleza kwamba haijui alama yoyote ya namna hiyo. Herufi zilizochorwa vibaya ni alama ya CE iliyowekwa ovyo, na hata iliyochorwa vizuri, kwa bidhaa nyingi, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kujitangazia kwamba ametimiza masharti. Namba ya utambulisho inayokubaliwa na tovuti ya kampuni inathibitisha kwamba namba hiyo ipo, haithibitishi kwamba kifaa ulichoshika ndicho kilichopewa, kwa kuwa namba moja halali inaweza kuchapishwa kwenye nakala elfu. Kwa simu, bonyeza *#06# ulinganishe tarakimu 15 zinazojitokeza na zile za boksi. Kwa kadi ya kumbukumbu, ijaze yote kwa programu ya majaribio kisha usome upya ulichoandika, kwa maana kadi za ulaghai huonyesha ukubwa ambao hazina. Kwa betri za lithiamu za aina ya 18650, lebo inayodai mAh 9,900 (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi umeme) ni uongo ulioandikwa waziwazi, kwa kuwa zilizo bora hazifiki hata 5,000.

Kanuni ninayoitumia mwenyewe ni kuuliza nini kitatokea kitu hicho kikiwa na kasoro. Nguo, kitabu, saa ya mkononi au lenzi ya kamera kikiharibika, hasara yangu ni fedha, kwa hiyo nanunua kwa njia ya pembeni bila wasiwasi ikiwa tofauti ya bei inatosha kulipia matengenezo ninayoweza kuyahitaji. Punguzo la robo kwa kamera ni kubwa kiasi cha kustahili kufikiriwa, la asilimia 5 halistahili. Kwa dawa, vyakula vya watoto, breki, kofia za kinga, chaja na betri, sinunui kwa mtu asiyeweza kunionyesha alikopata mzigo wake, kwa punguzo lolote.

Kwa kamera uliyo nayo, mwandikie muuzaji sasa, kwa maandishi, ukiambatisha risiti, nakala ya tangazo kama lilivyokuwa siku uliponunua na maelezo ya wakala kuhusu kasoro ya lenzi. Mtake aitengeneze, aibadilishe au akurudishie fedha, na mpe tarehe ya kujibu. Kama ulilipa kwa kadi, iulize benki iliyoitoa kama muda wa kupinga malipo bado upo. Wakati unasubiri, usiruhusu mtu yeyote kuifungua kamera, kwa sababu muuzaji atadai kwamba fundi huyo ndiye aliyeiharibu. Akikataa kabisa, ndipo umrudie wakala na kumwomba aitengeneze kwa malipo. Kampuni kadhaa hukataa hata hilo kwa bidhaa zisizo za kanda yao, na ikiwa yako ni mojawapo, tafuta fundi huru ambaye atakuambia kabla ya kuanza kama vipuri vya lenzi hiyo anavipata vipya au anavitoa kwenye kamera zilizokufa.